Nairobi hadi New York: Ni Masaa Mangapi Hasa?

Hamjambo wadau wa nyumbani. Tujibu lile swali la kila siku: Nairobi hadi New York ni masaa mangapi? Kuja huku New York ni kama 15, kurudi Nairobi ni kama 14. Hapo nazungumzia ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, ile Boeing 787 iliyoanza njia hii Oktoba 28, 2018.

Umbali haubadiliki, ni kilomita 11,800 na ushee. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York. Utapita juu ya Sudan Kusini, Chad na Algeria, na nusu ya uzi itaangukia karibu na Marrakech, Morocco. Yaani masaa saba angani na bado uko Afrika!

Sasa lile saa moja linaenda wapi? Ni upepo. Huko juu, kwenye kilomita 10 hivi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukija unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni, na wakati wa baridi huku ndio huzidi. Halafu kuna suala la kupaa: JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, uko mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mbawa na injini hazipati nguvu kamili, na ndege imebeba mafuta ya masaa 15. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunasaidia sana.

Usihesabu safari kwa kutoa saa za kwenye tiketi. Ukiondoka 23:55 na kufika 06:55, utadhani ni masaa saba. Tiketi huandika saa za kila mji, na New York iko nyuma ya Nairobi kwa masaa manane wakati wa baridi, saba kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Saba jumlisha nane, unapata 15.

Na hapa ndipo watu huachwa na ndege: tiketi imeandikwa 00:25, tarehe 15. Hiyo ni saa sita na dakika ishirini na tano, usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unatakiwa tarehe 14, saa tatu usiku. Ukienda tarehe 15 jioni, mwenzio ndege ilishatua zamani.

Kwa wanaounganisha kwenda Dallas au Minneapolis: hata kama begi limebandikwa lebo ya mji wa mwisho, hapa JFK, uwanja wa New York, unalichukua mwenyewe baada ya uhamiaji, unapita nalo forodhani, kisha unalikabidhi tena. Pengine ubadilishe na jengo, kwa treni ya uwanja. Jiachie masaa matatu, manne ni bora. Na kama tiketi ya pili umeinunua kando, ukichelewa shirika la pili halina deni nawe: unanunua upya.