Krioli Ni Mzalia

Ndugu wasikilizaji, nimelisema jambo hili katika kumbi nyingi na leo nalirudia, kwa kuwa vijana wetu bado wanafundishwa kwamba Krioli maana yake ni chotara. Sivyo hata kidogo. Asili ya neno ni crioulo la Kireno, kutokana na kitenzi criar, yaani kulea na kukuza, na aliyeitwa hivyo ni mtu aliyezaliwa na kulelewa koloni, hasa mtumwa. Mwaka 1609 mwandishi Garcilaso de la Vega wa Peru, ambaye mama yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Inka, watawala wa kale wa huko, na baba yake Mhispania, aliandika kwamba jina hilo lilibuniwa na watu weusi wenyewe, kwa kuwa wazee waliotoka Guinea, yaani Afrika Magharibi, hawakupenda kuchanganywa na watoto wao waliozaliwa Amerika. Kisha Wahispania wakalichukua, wakawaita hivyo hata watoto wao weupe.

Sisi watu wa pwani ndio tungepaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Enzi za utumwa, aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, na aliyezaliwa huku, akakulia katika Kiswahili na Uislamu, aliitwa mzalia. Wangeweza kuwa wa kabila moja na sura moja. Kilichowatenga ni malezi.

Atainuka mtu aniulize: mbona Wakrioli wa Louisiana, kule Marekani, ni maji ya kunde? Namwuliza naye: Joséphine, mke wa Napoleon, aliyezaliwa katika kisiwa cha Martinique, Karibi, mwaka 1763 na wazazi Wafaransa, aliitwaje kama si Mkrioli? Louisiana nako, kabla ya kuuzwa kwa Marekani mwaka 1803, neno lilimhusu mzaliwa wa huko, mweupe kwa mweusi. Ni baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha mwaka 1865 ambapo weupe, akiwemo mwanahistoria Charles Gayarré, walishikilia kwa ukali kwamba jina ni lao peke yao, wakichelea kudhaniwa wana damu ya Kiafrika.

Muda umenibana, lugha za Kikrioli sitazigusa. Ila Morisi, kisiwa cha Mauritius, siwezi kuiruka, kwa maana mwaka 1776 Mfaransa Morice alitiliana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, Morisi ikiwemo. Katika orodha za watumwa za Morisi, aliyevushwa kutoka bandari zetu aliandikwa Msumbiji. Mwanawe aliyezaliwa kisiwani, mweusi vilevile kama yeye, aliandikwa Krioli.