Kabla Hujasaini na Wakala wa Matangazo

BARAKA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia jambo ambalo wenye biashara wengi hulifanya kwa pupa: kutafuta wakala wa matangazo au wa mahusiano ya umma. Dada Zuhura, mtu aanzie wapi?

ZUHURA: Aanze na karatasi, kaka Baraka. Aandike anauza nini, anataka kumfikia nani, bajeti ni kiasi gani, na atajuaje kama amefanikiwa. Bajeti hasa. Wengi huificha wakidhani watapunguziwa bei, kisha wakala mmoja analeta mpango wa tangazo la televisheni, mwingine mabango mawili, na huna namna ya kuwalinganisha.

BARAKA: Halafu ajue anachotafuta. Wa matangazo ananunua nafasi, kwa hiyo ulichosema ndicho kitakachotoka. Wa mahusiano ya umma anamshawishi mwandishi wa habari, na mwandishi ana uhuru wa kukataa. Wakala akikuhakikishia ukurasa wa mbele, mkimbie.

ZUHURA: Kabisa.

BARAKA: Haya, nimeulizia kwa wafanyabiashara wenzangu, nimepata majina. Niite wangapi?

ZUHURA: Watatu, wanne. Kuandaa wasilisho ni kazi ya wiki kadhaa, usiwapotezee watu muda. Na ukitaka wakubunie kampeni nzima ili tu uione, walipe, na usipowachukua wazo libaki lao. Hili linaniuma sana: kuna kampuni huchukua wazo la aliyekosa kazi na kumpa mwingine alitekeleze. Huo ni wizi.

BARAKA: Siku ya wasilisho wanakuja wakubwa wa wakala, wamejipanga kwelikweli…

ZUHURA: Hapo uliza: "Nani atashika kazi yangu kila siku?" Kama hayumo chumbani, omba mkutane kabla ya kusaini. Huyo ndiye utakayempigia simu tangazo likitoka na bei isiyo sahihi. Uliza ana wateja wangapi mkononi, na kama wakala anamhudumia mshindani wako.

BARAKA: Malipo je? Zamani ilikuwa kamisheni ya asilimia 15, chombo cha habari kinamkatia wakala.

ZUHURA: Maana yake ukitumia zaidi, naye anapata zaidi. Siku hizi wengi hutoza ada ya mwezi au ya kazi moja moja, lakini fedha za pembeni hazijaisha. Mwaka 2016 ANA, chama cha watangazaji wa Marekani, kilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba vyombo vya habari vilikuwa vikiwarudishia mawakala fedha bila wateja kujua, na mtindo huo ulikuwa umeenea. Kwa hiyo mkataba useme wazi: punguzo lolote ni la mteja, na mteja ana haki ya kukagua hesabu.

BARAKA: Akaunti za matangazo mtandaoni nazo zifunguliwe kwa jina la biashara, wakala apewe ruhusa ya kuingia tu. Zikiwa zake, mkiachana anaondoka na kumbukumbu zako zote.

ZUHURA: Na wa mahusiano ya umma asikuletee ripoti inayogeuza habari za gazetini kuwa bei ya nafasi ya tangazo. Kanuni za Barcelona, mwongozo wa kimataifa wa kupima kazi za mahusiano ya umma, zilikikataa kipimo hicho tangu 2010. Akuonyeshe waliosoma ni akina nani, na wamefanya nini baadaye.

BARAKA: Wakinipa majina ya wateja wa kuwauliza?

ZUHURA: Watakupa wanaowasifu. Omba na la mteja aliyeondoka, umuulize makabidhiano yalikwendaje.