Kupanga kazi ya data ijiendeshe usiku, hata umeme ukikatika

Jambo yenu, ndugu zangu. Niko hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na leo tunapanga pamoja kazi ya data ijiendeshe yenyewe usiku kwenye kompyuta ya Linux, bila mtu kukesha. Mfano wetu ni wa kahawa. Mawakala walioko Kalehe na Idjwi wanapima kahawa ya wakulima, wanatuma kwa simu fishi za mizani, yaani vikaratasi vya uzito, na kila usiku programu inajumlisha kilo za kila mkulima na makuta, yaani pesa, anayodai.

Kwanza tazameni fishi hii niliyoishika. Kilo 42, za mama mmoja. Asubuhi moja orodha ya malipo ilimwandikia 84. Umeme ulikuwa umekatika programu ikiwa katikati, uliporudi programu ikaanza upya na kujumlisha juu ya kile ilichokwisha kuandika. Mama hakukosea kitu, lakini yeye ndiye aliyesimama mbele ya wenzake akiulizwa kilo nyingine amezitoa wapi. Jambo hilo liliniuma, na ndiyo maana narekodi video hii.

Basi kabla ya kugusa mpangilio wowote, fungueni programu yenyewe. Kila fishi iwe na namba yake, na programu iikatae namba iliyokwisha kuhesabiwa. Tena isitafute fishi za leo peke yake. Ichukue zote zinazongoja, maana kompyuta inaweza kulala siku tatu bila umeme. Na jumla mpya isiandikwe juu ya faili la zamani. Iandikwe kwenye faili la muda, halafu `sync` iisukume data mpaka diskini, halafu `mv` ilipe jina lake la kudumu. Faili zote mbili zikiwa kwenye mfumo wa faili uleule, yaani sehemu ileile ya diski, `mv` hubadilisha jina kwa pigo moja: utakuta faili la zamani zima au jipya zima, si nusu.

Sasa twende kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Tunatumia systemd, programu inayoanzisha na kusimamia kazi za kompyuta, ambayo tayari imo ndani ya Ubuntu na Debian. Andikeni `sudo nano /etc/systemd/system/kahawa.service`, kisha jazeni hivi:

[Unit]
StartLimitIntervalSec=6h
StartLimitBurst=4

[Service]
Type=oneshot
User=kahawa
ExecStart=/opt/kahawa/jumlisha.sh
TimeoutStartSec=30min
Restart=on-failure
RestartSec=10min

Mstari wa ExecStart ni mahali programu yenyewe ilipo. Mstari wa User ni jina la mtumiaji mliyemfungua kwa kazi hii tu, msiweke root, yule mwenye ruhusa zote. Mstari wa kuangaliwa sana ni TimeoutStartSec. Kazi ya aina ya oneshot, yaani inayofanywa mara moja na kuisha, usipoiwekea kikomo, haina kikomo. Intaneti ikigandia katikati, programu itangoja mpaka asubuhi, itangoja na kesho, na taima, ile saa ya kuianzisha tutakayoiandika baadaye, haitaanzisha nyingine maana ile ya kwanza bado inahesabika kuwa inaendelea. Kikomo hicho msikibuni kichwani. Endesheni kazi kwa mkono siku yenye fishi nyingi, mkitanguliza neno `time`, muone inachukua muda gani. Yangu ilichukua dakika 7, nikaweka 30, kwa sababu mtandao wetu jioni huwa mzito.

Ikishindwa, inangoja dakika 10 na kujaribu tena. Mistari miwili ya juu inasema isianze zaidi ya mara 4 ndani ya saa 6, ili isizunguke usiku kucha. Kurudia hivi kwenye systemd kunahitaji toleo la 244 au jipya zaidi. Amri ya `systemctl --version` itawaambia.

Faili la pili ni `kahawa.timer`, folda ileile:

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:00:00 Africa/Lubumbashi
OnBootSec=10min

[Install]
WantedBy=timers.target

Saa 02:00 ya mashini ni saa nane ya usiku kwetu. Na hapo kwenye Lubumbashi simameni kidogo. Nchi yetu ina saa mbili tofauti: Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa, sisi wa mashariki tuko saa mbili mbele, pamoja na Lubumbashi. Ukichagua Kinshasa kwa kuwa ndiyo mji mkuu, kila kitu kitachelewa saa nzima. Hakikisheni kwa `systemd-analyze calendar`, mkifuatisha yale yaliyo baada ya `OnCalendar=` ndani ya alama za kunukuu.

Wengi huweka Persistent=true, ambayo hufidia usiku uliorukwa. Ni nzuri, lakini umeme ukikatika kazi ikiwa imeshaanza haisaidii, maana taima imeshaandika kwamba ililia, yaani ilikwisha kuianzisha kazi. Mimi napenda OnBootSec: kila kompyuta ikiwaka, baada ya dakika 10 kazi inaanza, iwe ilirukwa au ilikatizwa. Dakika 10 zenyewe ni kwa ajili ya modemu ipate mtandao, na pia kwa sababu umeme wetu hurudi, ukaondoka, ukarudi tena.

Hifadhini, kisha:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now kahawa.timer

Ni timer tunayoiwasha, siyo service. Kama kompyuta imewaka zaidi ya dakika 10, kazi itaanza papo hapo, msishtuke. `systemctl list-timers` inaonyesha italia lini, na `journalctl -u kahawa.service -n 50` inaonyesha ilichosema.

Jaribio la mwisho, kwa nakala ya data, siyo data yenyewe. Wekeni fishi moja ya kilo 42 kati ya nyingine nyingi, anzisheni kazi, na ikiwa katikati chomoeni waya ukutani. Ndiyo, chomoeni. Kama ni laptopu, bonyezeni kitufe cha kuzimia bila kuachia mpaka izime. Iwasheni, ngojeni dakika 10 ziishe na kazi imalizike, kisha fungueni orodha na mtafute ile fishi. Ikisomeka 84, rudini kwenye programu, sehemu ya namba za fishi. Ikisomeka 42, wekeni data halisi usiku huu.