Risasi za baruti nyeusi zilizolala miaka mingi

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Kaka Mbwana, leo tuingie moja kwa moja. Mtu alijaza risasi zake mwenyewe kwa baruti nyeusi, akazifungia kabatini, miaka ishirini ikapita. Sasa anataka kwenda nazo uwanja wa shabaha. Baruti ile bado ina nguvu?

MBWANA: Ina nguvu. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa vilivyosagwa pamoja, na kila kimoja hubaki kilivyo. Hakuna kinachooza humo. Mradi unyevu haukuipata, itawaka kama ilivyowaka ilipokuwa mpya.

ZUHURA: Si kama baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa.

MBWANA: Hata kidogo. Ile hutokana na nitroselulosi, yaani pamba iliyotiwa asidi, nayo hujivunja polepole, ikitoa asidi inayozidi kuivunja. Paul Vieille aliitengeneza Ufaransa mwaka 1884, na Wafaransa hao hao wakaipata joto yake: manowari Iéna ililipuka Toulon mwaka 1907, na nyingine, Liberté, ikalipuka bandari hiyo hiyo mwaka 1911. Baruti iliyoharibika ndiyo iliyolaumiwa. Kwa hiyo usichukue hofu ya baruti ile ukaivika hii.

ZUHURA: Basi cha kuhofia ni kipi?

MBWANA: Vyote vinavyoizunguka. Fataki, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ganda, kichwa, na grisi ya kichwa. Mimi huanza na grisi.

ZUHURA: Hapo nakuunga mkono, maana wengi huipita. Tueleze inakaa wapi.

MBWANA: Kichwa ni madini ya risasi yaliyotiwa bati kidogo. Kiunoni kina vijifereji, na ndani yake kuna nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta au shahamu. Joto la chumba likipanda na kushuka mwaka baada ya mwaka, mafuta hujitenga na nta na kuteremka. Yakiifikia baruti, ile ya juu inalowa na kuwaka kwa uvivu. Ndiyo sababu mjazaji makini huweka kijiduara cha karatasi ngumu kati ya baruti na kichwa. Kama uliweka, umejiokoa. Kama hukuweka, fungua moja au mbili utazame kabla ya kufyatua chochote.

ZUHURA: Na grisi ikikauka badala ya kuyeyuka?

MBWANA: Hapo risasi itatoka vizuri, ila shabaha itakusaliti.

ZUHURA: Hilo nimeliona uwanjani. Matundu ya mwanzo yanakaa pamoja, halafu yanaanza kutawanyika, na mtu analaumu macho yake. Kumbe ni masizi. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa chumvi na masizi, na kazi ya grisi ni kuyaweka laini ili risasi inayofuata iyasukume nje. Grisi ikiwa kavu, yanaganda mtutuni.

MBWANA: Dawa yake ni pumzi. Unatoa ganda, unapachika mrija nyuma ya mtutu, unapuliza taratibu mara kadhaa. Mvuke wa pumzi unayalainisha. Kwa risasi za zamani mimi nasema pulizia kila baada ya mlio mmoja, usisubiri.

ZUHURA: Twende kwenye ganda.

MBWANA: Ganda ni la shaba ya manjano, nayo haipendi amonia. Jeshi la Uingereza lilijifunza hilo India: maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi msimu wa mvua yalipata nyufa yenyewe, kwa mvuke wa mkojo. Kwa hiyo chunguza shingo ya ganda kwa lenzi. Ufa mwembamba kama unywele, weka kando. Kutu ya kijani unayoweza kuipangusa kwa kitambaa haina neno, lakini ikiacha shimo, hiyo imekwisha. Na kichwani, unga mweupe ni madini ya risasi yaliyoliwa na mvuke wa asidi, na masanduku ya mbao kama mwaloni hutoa mvuke huo.

ZUHURA: Mimi naongeza kuitikisa sikioni. Baruti nyeusi hushindiliwa, haiachiwi nafasi chini ya kichwa. Chukua risasi iitwayo 45-70, ya Marekani ya mwaka 1873: namba 70 ni greni za baruti, kama gramu 4.5, na zilijaza ganda mpaka kwenye kichwa. Sasa ukisikia chembe zinacheza ndani?

MBWANA: Usiifyatue. Ama kichwa kimesogea kikaacha nafasi, na nafasi hiyo inaweza kuharibu mtutu, ama ndani hamna baruti nyeusi kabisa. Na bunduki ya enzi ile ukiipa baruti isiyo na moshi ya kipimo cha kisasa, inaweza kupasuka usoni mwako.

ZUHURA: Kwa hiyo boksi lisilo na maandishi, ulilorithi au kununua…

MBWANA: Halifyatuliwi. Sijali linang'aa kiasi gani. Nazungumzia risasi ulizojaza wewe, zenye karatasi inayosema baruti gani, kiasi gani, fataki gani, mwaka gani.

ZUHURA: Fataki hujazigusa.

MBWANA: Kwa macho hutajua lolote. Fataki iliyokaa pakavu hudumu sana, iliyopigwa na joto na unyevu hudhoofika, na udhaifu wake hujitokeza kwa kuchelewa. Unavuta kifyatulio, unasikia "ta", kimya, halafu mlio. Watu huumia katika kimya hicho, kwa sababu mkono unakimbilia kufungua bunduki.

ZUHURA: Usifungue. Shikilia mtutu ukiwa umeelekea shabaha, na uhesabu angalau sekunde 30. Mimi hufika dakika nzima, na sioni haya mwenzangu akinisubiri.

MBWANA: Na mlio ukiwa dhaifu, moshi kiduchu, simama. Pitisha ufito mtutuni uhakikishe kichwa kimetoka. Kikiwa kimekwama ukafyatua kingine nyuma yake, bunduki imekufa, na pengine si bunduki peke yake.

ZUHURA: Zilizokataliwa tufanyeje? Kuna wanaozitupa motoni.

MBWANA: La hasha! Mwenye ujuzi na zana azivunje: kichwa ayeyushe upya, baruti amwage majini, shura itayeyuka na haitawaka tena. Asiye na ujuzi azipeleke polisi, au kwa fundi wa bunduki mwenye leseni. Lakini apige simu kwanza, asitokee mlangoni na boksi la risasi mkononi.