Nani Kamlipia Mwandishi Nauli?

Habari za mchana ndugu zangu, waalimu wetu shikamooni. Nimeombwa niwaeleze zile semina za habari na siasa nilizohudhuria hapa Mwanza zimenisaidia nini, maana wengi mnauliza kama kuna cha maana zaidi ya cheti na posho. Kipo, tena kingi, ila leo nabaki kwenye hili la nauli.

Mwezeshaji mmoja, mwandishi wa siku nyingi huku Kanda ya Ziwa, alitugawia karatasi yenye habari tatu za magazeti matatu, zote za mkutano mmoja wa kampeni kisiwani, akasema someni kwa sauti. Aisee, aya ya kwanza ni ileile, neno kwa neno mpaka mkato, mgombea kapokelewa na umati, kaahidi gati, kaahidi maji, na hakuna mwananchi hata mmoja aliyeulizwa kitu. Akauliza, hawa walifikaje kule? Kimya. Akajibu mwenyewe: boti ya mgombea, chakula cha mgombea, na habari yenyewe kaiandika mtu wa mgombea.

Darasani tunaambiwa usipokee bahasha, yaani hela ya mtu unayemwandika, na ni kweli kabisa, usipokee. Lakini waandishi wengi wa mikoani ni makorespondenti, analipwa kwa stori iliyotoka, isipotoka imekula kwake, mshahara hana, bima hana, nauli ya kwenda Ukerewe atoe mfukoni, sasa ukimsema yeye peke yake halafu mhariri aliyeko Dar humuulizi anamlipa shilingi ngapi, mimi naona hujamtendea haki, na msomaji ndo anaumia zaidi.

Mnaikumbuka MV Nyerere, 20 Septemba 2018, kivuko cha kubeba watu 101 kikapinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 220 wakafariki. Stori kama ile inataka mwandishi aende kabla ya ajali, siku ya gulio, asimame pale gatini ahesabu wanaopanda, na safari hiyo hakuna mgombea atakayeilipia!

Tulichambua pia Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na hukumu ya Mahakama ya Afrika Mashariki ya 2019 kwamba baadhi ya vifungu vyake vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, hiyo tuiwekee siku yake. Iliyonigusa mimi ni sheria nyingine ya 2016 hiyohiyo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Raia yeyote anaandika barua kwenye ofisi ya umma, hata halmashauri, anaomba taarifa, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Huhitaji press card wala boti ya mtu.

Basi nimeandaa barua ya mfano, inauliza kivuko kimoja kimekaguliwa lini mara ya mwisho na kinaruhusiwa kubeba watu wangapi. Nakala ziko hapo mezani, kila mtu achague kivuko chake, Kamanga, Ukara, popote, tuziandike leo kabla hatujatawanyika.