Kikopo cha Mume: Mhadhara wa Kisumu Kuhusu Upimaji wa Shahawa

Hamjambo wenzangu wa maabara, maafisa wa kliniki na wauguzi. Leo hatutafika kwenye upandikizaji wa mimba. Tutakaa na kikopo kimoja cha plastiki. Mke wa huku kwetu hupigwa picha ya mirija ya uzazi na kumezeshwa klomifeni, dawa ya kupevusha mayai, mwezi baada ya mwezi, na mama mkwe ameshanung'unika vya kutosha, kabla mume hajaulizwa lolote. Wakikaa mwaka mzima bila kinga na mimba haijaingia, wapimwe wote wawili kwa pamoja. Mke akiwa na zaidi ya miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Ila mume akishakubali, mara nyingi sampuli yake huharibikia mikononi mwetu.

Mwambieni akae siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Akija mapema zaidi, hesabu hushuka. Akikawia mno, mbegu huwa nyingi lakini zilizokufa nazo huongezeka. Hakuna kutumia mate, mafuta, sabuni wala kondomu za dukani, maana huua mbegu au huzifanya zilegee. Kikopo kiwe na mdomo mpana. Mkiletewa vikopo vya aina mpya, gawanyeni sampuli nzuri nusu kwa nusu, ya zamani na mpya, mlinganishe mwendo wa mbegu kwa saa 4.

Kisha kuna swali ambalo wengi wetu huona haya kuliuliza: kuna kilichomwagika? Mwanzoni au mwishoni? Mbegu nyingi hutoka na matone ya kwanza, pamoja na maji ya tezi dume. Yanayofuata ni zaidi maji ya vifuko vya manii. Tone la kwanza likianguka sakafuni, mwanamume mzima kabisa ataonekana mgonjwa kwenye karatasi. Kikopo kinaweza kuwa nusu na bado hakifai.

Sampuli ifike kabla saa moja haijapita, ikiwa kati ya nyuzi 20 na 37. Sasa mfikirieni mtu wa Muhoroni aliyeketi kwenye matatu inayosubiri kujaa, kikopo kiko juu ya dashibodi na jua la Kano linawaka. Hiyo imeshaiva. Heri ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na heri zaidi atoe papo hapo hospitalini, katika chumba chenye komeo. Choo cha wagonjwa wa nje, huku watu wakibisha hodi, si mahali pa kumpeleka mtu mzima.

Ikifika, pimeni uzito wa kikopo na mwondoe uzito wa kikopo kitupu. Gramu moja ni kama mililita moja. Ikae kwenye nyuzi 37 hadi iyeyuke, kwa kawaida ndani ya dakika 30. Izungusheni taratibu kwa sekunde 15 hadi 30, msiitikise kama chupa ya dawa. Mikrolita 10 chini ya kifuniko cha kioo cha milimita 22 kwa 22 huacha kina cha mikroni (sehemu za elfu za milimita) 20 hivi, nafasi ya mkia kujigeuza. Mkikadiria tone kwa macho, mwendo mtakaouandika ni wa kubahatisha.

Hesabu ndiyo inayotuaibisha zaidi. Shahawa ni nzito, hunata kwenye ncha ya pipeti ya kawaida, kwa hiyo tumieni ya pistoni. Mchanganyiko wa kawaida ni mikrolita 50 kwa 950 za maji ya kuzimulia. Tengenezeni michanganyiko miwili, kila mmoja kivyake, mhesabu mbegu 200 au zaidi kwa kila mmoja kwenye chemba ya Neubauer, kile kioo chenye miraba ya kuhesabia, baada ya kuiacha dakika 10 hadi 15 mahali penye unyevu ili mbegu zitulie. Mbegu 400 zina kosa la asilimia 5 hivi. Ukihesabu 50 tu kwa sababu foleni ni ndefu, kosa linafika asilimia 14.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataja viwango vya chini vya kulinganishia: shahawa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, milioni 39 kwa jumla, asilimia 42 zinazojongea, 30 zinazosonga mbele na 4 zenye umbo zuri. Msizidishe 1.4 kwa 16 mkashangaa kutopata 39: kila namba imechukuliwa peke yake, kutoka kwa wanaume ambao wake zao walipata mimba ndani ya miezi 12, na asilimia 5 ya wanaume hao walikuwa chini yake. Si mpaka wa rutuba na utasa. Yule anayeambiwa "asilimia 96 ya mbegu zako ni mbovu" amedanganywa kwa namba ya kweli.

Jibu baya moja halitoshi. Mbegu huchukua karibu miezi 3 tangu kuanza kutengenezwa hadi kutoka, hivyo homa kali ya malaria ya mwezi uliopita inaweza kuonekana leo. Muulizeni pia kuhusu sindano za testosteroni, homoni ya kiume, za kujenga misuli. Hizo huzima kiwanda chenyewe.

Na mkiona sifuri, msiandike sifuri bado. Izungusheni kwenye mashine kwa nguvu ya 3000 g (mara 3000 ya mvutano wa dunia), dakika 15, mkague mashapo yote ya chini. Ikibaki sifuri, na shahawa ni kidogo huku pH, kipimo cha uasidi, iko chini ya 7.2, shukuni kuziba kwa njia au mirija iliyokosekana tangu kuzaliwa. Korodani huenda zinafanya kazi, na mbegu zikavutwa kwa sindano. Kiasi na pH vikiwa vya kawaida, pimeni FSH, homoni ya kuchochea korodani, na testosteroni. Shahawa zikiwa matone tu, takeni mkojo wa baada ya kutoa, kwani huenda zimerudi kwenye kibofu. Mkojo huo usiachwe kaunta hadi baada ya chai. Mbegu hufa humo upesi.