Kwa Nini Sikuja Moshi Kumzika Baba

Haya ndugu zangu, habari za huko. Leo sipiki wala siwatembezi mjini. Kila video ninayoweka, hata ile ya bei ya unga wa ugali huku Ujerumani, lazima mtu aandike: "Dada, baba yako kazikwa, mbona hukuonekana?" Nimenyamaza toka Februari. Leo najibu. Atakayesema najionyesha kwa kuwa nimetaja euro, aseme. Atakayesema nalialia, naye aseme. Ila mtakuwa mmesikia kwangu.

Kadi yangu ya ukaazi iliisha Januari. Maombi ya kuongeza nilishapeleka kabla, risiti ninayo. Lakini ile karatasi ya muda, ya kukuwezesha kutoka na kurudi, sikuipata mpaka niitwe, na miadi niliyopewa ilikuwa ya Aprili. Simu ya msiba ilinikuta zamu ya usiku, nambadilishia shuka bibi mmoja. Kulipokucha nikaenda ile ofisi ya uhamiaji bila miadi, kibali cha mazishi kikiwa kwenye simu. Mlinzi hakunipitisha. Kesho yake hivyo hivyo. Tiketi ya haraka ilikuwa euro 1,380, na hiyo ningekopa. Ila ningeondoka bila karatasi, ningekwama, kazi ingepotea, na ada ya mdogo wangu inatoka kwenye kazi hiyo hiyo. Mama ndiye aliyeniambia, "Kaa mwanangu. Baba yako angesema kaa."

Kama uko nje na kadi yako inakaribia kuisha, mimi ningeanza kuomba miadi miezi mingi kabla. Lakini hayo ni yangu. Kila mji una mambo yake, usije ukasema fulani wa Moshi alinishauri.

Kilichoniuma zaidi ni nyumbani. Kwenye kundi la ukoo mtu akaandika kwamba nimejifanya Mzungu, nimetuma hela badala ya mwili wangu. Mazishi nimeyaona kwenye simu. Aliyekuwa anarusha alitupigia picha mahema, akatupigia magari, akatupigia na mheshimiwa aliyechelewa. Jeneza nililiona kidogo tu, kona moja, migomba nyuma yake, halafu picha ikaganda. Nimekaa na hiyo kona kwenye kioo dakika nne.

Na wasifu uliosomwa, vyeo vitupu. Profesa, mkuu wa idara, mjumbe wa nini na nini. Baba niliyemjua mimi hakuwemo.

Baba alikuwa wa kizazi kilichosoma historia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa akina Kimambo. Isaria Kimambo, mtoto wa Upare, alikwenda kwa wazee wa Kipare kuwauliza yaliyopita, akayaandika kama historia ya watu wenye mambo yao kabla Mjerumani hajafika. Mwaka 1969 yeye na mwanahistoria mwenzake Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania nzima. Nakala ya Baba ilikuwa imeshonwa mgongoni kwa uzi wa viatu. Hakutuazima, tuliisoma mezani kwake, mikono imenawa.

Likizo zote alikuwa kihambani, shamba letu la migomba la nyumbani. Jumamosi anakaa na sisi jikoni tukimenya ndizi za mtori, kisu chake kidogo kuliko vyetu, maganda yake membamba. Ukileta habari, iwe ya shuleni, iwe ya jirani kagombana na mkewe, haulizi kingine: "Aliyekuambia alikuwepo?" Kama hakuwepo, unarudi kumtafuta aliyekuwepo. Niliwahi kutumwa mara tatu kwa nyumba ile ile kwa ajili ya mbuzi aliyepotea. Kwa hiyo nyie mnaoandika kwamba nilikuwa mapumzikoni wiki ile ya msiba, nawauliza swali la Baba.

Alitupeleka Old Moshi, kwenye mti ambao Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wetu Wachagga, tarehe 2 Machi 1900, yeye na wenzake 18. Kichwa chake kinaaminika kililetwa huku. Nilipopata viza, Baba hakuniagiza simu wala koti. Aliniambia, "Ukifika, uliza Meli yuko wapi." Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walipopata vinasaba vya mafuvu ya kutoka Kilimanjaro vinavyolingana na vya jamaa walio hai, nilimpigia kabla sijavua koti. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na Meli?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi endelea kuuliza." Naendelea, Baba.

Kaka yangu ameniwekea jani la isale, mmea wa heshima kwetu Wachagga, kaburini kwa niaba yangu. Nashukuru. Sasa hivi anapiga picha kadi za Baba, zile alizoandika kwa penseli kila alipozungumza na mzee, akazipanga kwenye makopo ya maziwa ya unga. Juzi akanitumia moja iliyokuwa na jina langu. Sikujua kama na sisi watoto tuna kadi. Nawasomea, kisha nazima, naingia zamu.

"Kazaliwa hospitali ya Mawenzi, alfajiri, mvua kubwa. Kalia mara moja akanyamaza. Aliyenieleza: mama yake. Mimi sikuwepo, basi liliharibika Korogwe."